Uzi Mwekundu wa Mbio za Zuhura

Isevya, Tabora
Jumapili, alasiri

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepoa, na Mama naye goti limemwachia asimame jikoni bila kushika ukuta. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ya kupokea mizigo hapa stesheni inaendelea, mvua hazijafika, na vumbi la Tabora tunalila na kulinywa. Moyo ndio si mzima. Umechafuka, Baba, na nitakueleza kwa nini.

Barua yako ililetwa na treni ya Kigoma siku ya Alhamisi. Umeandika kwamba rafiki yako wa hapa Tabora, Mzee Athumani fundi cherehani, amekupasha habari kuwa mdogo wangu Zuhura alikimbia nusu uchi mbele ya wanaume siku ya sikukuu ya Mfalme wa Waingereza. Unataka nijibu kwa neno moja, ni kweli au si kweli, na ikiwa ni kweli nimtoe shuleni, nimpandishe treni arudi Ujiji kabla mwezi haujaandama. Baba, neno moja halitoshi. Nivumilie kidogo.

Nianze na huyo Mzee Athumani, maana nikimfikiria natamani kutapika. Siku ile alifika uwanjani kabla ya watu wote. Alibeba kigoda chake kutoka nyumbani, akakiweka mstari wa mbele kabisa, akaketi kutafuna karanga. Na hizo nguo anazoziita nusu uchi, unajua nani alizishona? Yeye! Gauni sita za kitambaa cha marekani, mikono imefika viwikoni, pindo liko chini ya magoti. Nilimkuta mimi mwenyewe barazani kwake akizipiga pasi, akanionyesha moja na kujisifu, “Tazama kazi hiyo, karani. Hata mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, hana mshono kama huu.” Wiki haikupita, nguo zile zile zikawa uchi. Mtu mzima ana mvi, anaswali safu ya mbele, na haya hana hata chembe!

Wala hakuwa peke yake. Kwanza wasichana walishindanishwa kwenda na mitungi ya maji kichwani. Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. “Huyo ndiye mke,” wazee wakasema, “hajamwaga hata tone.” Kisha walimu wakawapanga wasichana wale wale, na gauni zile zile, wakimbie yadi mia mikono mitupu. Hapo uwanja ukageuka jalala. Miluzi, matusi, vicheko vya kipuuzi. Mmoja akapaza sauti, “Nani atamwoa huyo? Si atamtoroka mumewe siku ya kwanza!” Wenzake wakaangua kicheko, wengine wakipigana vikumbo ili waone vizuri kile walichokuwa wakikilaani.

Nilimkumbuka Bibi. Si ametusimulia mara ngapi alivyotoka Ujiji na msafara hadi pwani, sufuria kichwani na wewe mgongoni, nguo ameikunja mpaka magotini kwa sababu ya matope ya mto Malagarasi? Alipita hapa hapa Tabora. Kuna mwanamume yeyote aliyemwambia amevunja heshima? Walimwambia aongeze mwendo. Basi mguu wa mwanamke ukiwa chini ya mzigo una heshima, mzigo ukishushwa mguu ule ule unakuwa aibu. Nakwambia kweli, nilichukia kuwa mmoja wa wanaume waliokuwa pale.

Sasa nisikilize vizuri, Baba, kwa sababu uchafu mkubwa kuliko huo niliufanya mimi.

Sisi makarani tulikuwa tumeombwa kusaidia. Mimi nilipewa uzi wa mwisho wa mbio, uzi mwekundu wa sufu. Ncha moja ilifungwa kwenye nguzo, nyingine niliishika mkononi, na neno langu ndilo lililokuwa limwambie mwamuzi nani ametangulia. Wasichana wakaachiwa. Zuhura alitangulia tangu hatua ya kumi. Baba, sijui nikuelezeje mwendo ule. Hakutazama pembeni, hakucheka, hakusikia miluzi. Aliukata uzi kwa kifua na kipande kikamnasa begani. Mwenzake Anjelina, binti wa Usoke, alikuwa nyuma yake hatua mbili nzima.

Nyuma yangu mtu aliuliza, “Binti wa nani huyo?” Mzee Athumani akajibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, “Dada yake huyu huyu mshika uzi!” Kila jicho likanigeukia. Nikaona haya. Mwamuzi akaja na daftari lake, “Nani wa kwanza?”

Nikasema, “Anjelina.”

Anjelina mwenyewe alikataa. “Si mimi, ni Zuhura,” alisema mara mbili. Lakini mwamuzi alishaandika, na kikombe cha bati alipewa yeye, akakipokea akilia. Zuhura aliondoka uwanjani.

Juzi Ijumaa, barua yako ikiwa mfukoni, nilikwenda shuleni kumwona. Akaniamkia kwa adabu kama kawaida. Kisha akaniuliza, “Kaka, siku ile ulikuwa unatazama wapi?”

“Nilikuona,” nikamwambia.

“Najua uliniona. Ndiyo maana nakuuliza.”

Akafungua kitabu chake cha hesabu, na ndani yake ulikuwamo ule uzi, ameukunja vizuri. Akaukata kwa meno, akanipa nusu. “Mpelekee Baba,” akasema, “umweleze uzi huu ulikotoka.”

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wao mkuu, nikakiri. Hakunipokea kwa upole, na hakupaswa. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya wasichana wote niseme nilidanganya na kwa nini. Naona aibu, lakini ya kesho naweza kuibeba. Ile ya uwanjani ilinishinda.

Nakuomba, Baba, usimwondoe shule. Hakumkosea mtu. Waliokosa ni waliopiga miluzi, aliyeshona gauni na kuzitukana, na kaka aliyeogopa jina la dada yake lisiitwe mbele za watu. Ukimrudisha Ujiji, utakuwa umemwadhibu yeye kwa ajili yetu.

Nisalimie Mama sana, na shangazi anayekaa naye, na mjomba fundi wa mitumbwi. Wadogo zangu waambie nawakumbuka. Mzee Athumani akikuandikia tena, muulize kigoda chake alikiweka wapi.

Uzi uliomo humu mpe Bibi. Mweleze ulivyokatika, yeye ataelewa.

Uliniuliza kama ni kweli Zuhura alikimbia mbele ya watu. Ni kweli, Baba. Alikuwa wa kwanza.

Mwanao anayekuheshimu,
Ramadhani