Nguzo ya Kati ya Ukumbi

Mjomba,

Shikamoo. Nakusihi haya yabaki kati yetu. Hata mama asiyasikie, presha yake unaijua.

Sote wazima, na mtoto wa dada ameanza kuota meno. Ukumbi wa makumbusho, ule uliousimamia ukijengwa, umekarabatiwa. Utafunguliwa Jumamosi, na wanafunzi wataketi chini ya kuba.

Jana nilikuwa nabandika tangazo kwenye nguzo ya kati. Niliegemea kidogo tu, ikabonyea. Mjomba, nguzo ilibonyea! Nikaigonga, ikalia kama sanduku tupu. Ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya jiwe.

Nilikimbia kwa mkurugenzi. Akacheka.

“Ile ya zege tuliivunja ili sanamu kubwa ipite. Mbona kuba bado liko juu? Limekuambia limechoka?”

“Lakini mzee, pale juu pana ufa mpya.”

“Wewe karani au mhandisi? Ukifungua mdomo, kazi huna.”

Nilirudi mezani, nikachukua karatasi nikuandikie. Mimi nani atanisikiliza? Wewe ndiye unayejua nguzo ile ilibeba nini, na wahandisi wa jiji wanakuheshimu. Njoo uwaambie kabla ya Jumamosi.

Usipige simu ofisini. Mpigie mshonaji jirani yangu, umwambie unaulizia gauni, ataniita. Ukija mwenyewe, pitia mlango wa nyuma, wa stoo. Ukinikosa hapo, tafadhali usiingie ukumbini kunitafuta.

Mpwa wako