Bega Langu Siku ya Machela

Magamba,
Posta ya Lushoto,
Tanganyika.
14 Agosti 1953

Mpendwa mdogo wangu Mika,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, mimi na Raheli na binti yetu Mariamu. Shikamoo uliyoniandikia mwezi jana imenifikia, nami naiitikia hapa hapa, marahaba. Hujambo wewe? Kifua kimepoa, au mvua za Kericho bado zinakikoroga? Jenoveva na watoto hawajambo? Tafadhali usiwe unatoka kiwandani na jasho kuingia kwenye baridi bila koti. Nilikukemea kwa hilo nilipokuwa huko, nakukemea tena kwa kalamu.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu ni kali, ukungu unashuka kutoka msituni saa tisa na hauondoki mpaka kesho yake watu wamekwisha kunywa chai. Viazi vimekubali, maharage yamepigwa na baridi upande wa juu. Ng'ombe wa mama amezaa, ndama jike.

Sasa nirudi kwenye msiba wetu. Pole tena, ndugu yangu. Najua simu ya maandishi niliyokupelekea ilikuwa na maneno machache, ikakuambia mama amefariki na haikukuambia zaidi. Katika barua yako umeniuliza mambo matatu: aliugua nini, nani alimfikisha hospitali, na mimi nilikuwa wapi. La kwanza na la pili ni mepesi. La tatu limenikalisha na kalamu siku tisa, naandika nachana, mpaka Raheli akaniuliza kama karatasi siku hizi zinaota shambani.

Unasema utakuja Desemba. Ukishuka hapa utasikia kwa watu kwamba siku mama alipobebwa, Nikodemo hakumbeba. Ni kweli. Nataka ulisikie kwangu kwanza, pamoja na sababu yake, halafu uamue mwenyewe utaniita nani.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka nilivyoondoka huko Januari, koti jipya, masanduku mawili, watu wa laini nzima, nyumba zile za wafanyakazi, wamenisindikiza. Nilidhani nitaingia Magamba kama mtu aliyekwenda sokoni Soni asubuhi akarudi jioni. Kumbe miaka kumi na minne si asubuhi moja. Wiki za kwanza nilikuwa naamka saa kumi na moja nakaa kitandani nasubiri king'ora. Nilikuwa natia kufuli mlangoni mchana kweupe, mama akaniuliza nimeficha nini humo ndani.

Njiani nilikuwa naitikia salamu huku natembea. Wewe wazijua salamu za kwetu, mtu anasimama, unaulizwa nyumba, unaulizwa watoto, unaulizwa mifugo, na wewe unauliza vyote hivyo upya. Mzee mmoja alinisalimu pale kwenye mteremko, nikamjibu nikapita, akabaki anauliza habari za mgongo wangu. Mariamu, ambaye hakuwahi kuiona Magamba, alijua Kishambaa kwa wiki tatu. Mimi niliyenyonya nacho nikawa natafuta maneno. Raheli alimaliza ugeni wake siku nne tu, akawa kisimani na wanawake wenzake kama aliyeondoka jana. Alinionya mapema kwamba nasema na watu kama nawahesabu. Nikamwambia aniachie mambo yangu.

Mwishoni mwa Februari, baba mdogo Omari akasema shamba la marehemu baba, lile la chini ya msitu, lilimwe kwa msaragambo, maana lilikuwa limekuwa pori na masika yanakuja. Akapita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaita watu, na goti lake lile bovu. Unajua alivyo. Yeye Mwislamu na sisi Walutheri, lakini tangu baba afe hakuna siku aliyotutenga na wanawe. Ada za kutupeleka shule alizitoa yeye kwa kuuza kabichi.

Na msaragambo unaukumbuka, ingawa uliondoka mdogo. Ukoo na majirani wanakuja na majembe yao, mwenye shamba anakata udongo wa kwanza kule chini, kisha anajipanga katikati ya wenzake wanapanda mlima pamoja wakilima na kuimba. Wakimaliza wanakula chungu kimoja. Kesho na yeye anakwenda kwa mwenzake.

Walikuja watu thelathini na moja. Najua idadi kwa sababu niliwaandika. Ndiyo, Mika, niliwaandika katika daftari. Nilivaa buti zangu na kofia, nikasimama juu ya ukingo, nikawagawa makundi matatu, kila kundi na kipande chake. Nikapuliza filimbi. Wallahi sikuwa na nia mbaya, ndivyo angeapa baba mdogo, nami naazima kiapo chake. Nilitaka kazi iishe mapema wakapumzike. Nilitaka waone kwamba mtoto wao amejifunza kitu ugenini. Jembe langu lilikuwa limeegemezwa kwenye mti tangu alfajiri, na kwenye mti likabaki.

Tena mwaka huu watu wamechoka kusimamiwa. Kuna amri ya matuta, kila shamba la mlimani lipigwe matuta, na wakaguzi wanapita na vitabu vyao. Mimi mtoto wa nyumbani nikaja na cha kwangu.

Baba mdogo alifika baada ya wengine, anachechemea. Nilikuwa katikati ya kusoma majina. Sikuteremka. Nikainua macho kutoka kwenye daftari nikasema, "Omari, umechelewa. Kundi la tatu." Sikusema baba. Sikusema hata shikamoo. Lilinitoka kama lilivyokuwa likinitoka kila asubuhi kule Kericho nilipokuwa mnyapara, kwa watu ambao sikujua baba zao.

Alikwenda kundi la tatu. Wimbo uliokuwa umeanza kwa makundi mawili ya kwanza ukakatika, haukuanza tena. Walilima vizuri sana, mistari imenyooka, na saa saba walikuwa wamemaliza shamba zima. Kisha walikung'uta majembe yao wakaondoka mmoja mmoja. Raheli na mama walikuwa wamepika vyungu viwili vya ugali wa mahindi mapya na maharage, na togwa mtungi mzima. Hakuna aliyekula. Nami, kwa upumbavu wangu, nikamwambia mama watu wa siku hizi wana haraka.

Mama alivifunika vyungu akaniambia, "Nenda kwa baba yako leo, kabla jua halijazama." Nikasema kesho. Kesho ikawa Jumapili, kisha mvua zikaanza, kisha nikaona haya, na haya ikikaa sana inageuka kiburi. Machi ikapita, Aprili, Mei. Watu walinisalimu vizuri tu. Lakini misaragambo ililimwa kwa Shabani mtoto wa baba mdogo, ikalimwa kwa jirani yetu wa kulia na wa kushoto, na sikuitwa hata kwenye mmoja. Mama kila baada ya siku mbili tatu aliniuliza, "Umekwenda?" Mwisho akaacha kuuliza. Majuto ni mjukuu, Mika, nami nilimlea mjukuu huyo miezi minne nikimwona anakua.

Jumapili tarehe 28 Juni, kabla ya kengele ya kanisa, Raheli alimkuta mama jikoni ameketi chini hawezi kupumua. Ilikuwa nimonia, ndivyo walivyosema baadaye. Gari hapa juu hakuna. Nilikimbia kwa baba mdogo, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwomba msamaha ili asinikatalie. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alisikia neno mama akageuka kuchukua panga, akakata miti miwili, akatoa blanketi kitandani mwake. Sijui aliwaita watu kwa njia gani, ila machela ilipokuwa tayari wanaume wanane walikuwa uani. Hakuna aliyesita, wala hakuna aliyenuna. Baadhi yao nilikuwa nimewaandika.

Kwetu mtoto wa kiume ndiye anayeweka bega la kwanza, upande wa kichwani. Nilisogea. Shabani akaingia mahali pale kabla yangu, taratibu, hakunisukuma, akasema, "Pumzika, bwana." Mimi ninayemzidi miaka sita, niliyemfundisha kutega ndege. Bwana. Nikadhani ni mara ile tu. Tulipofika kwenye daraja la magogo wakabadilishana mabega, nikasogea tena, mwingine akaingia. Pale juu ya mashamba ya mzungu nikashika mti kabisa kwa mkono wangu, na yule aliyekuwa nao hakuuachia. Hakuniangalia hata kidogo. Wakaendelea kutembea, nikaona nikivutana naye mama ataanguka, nikaachia.

Basi nilitembea nyuma mpaka Lushoto nimebeba birika na kikapu cha nguo zake. Watu wa njiani wakisimama kumpisha mgonjwa walikuwa wananiangalia. Mtu mzima, mwana wa kwanza, na birika.

Alilazwa vizuri, waganga walijitahidi, sina la kulaumu. Alikufa Alhamisi alfajiri. Wale wale walimrudisha nyumbani, na mara hii sikujaribu.

Baada ya siku za matanga nilikwenda kwa baba mdogo, nimewachukua mzee wa kanisa na sheikh wao wote wawili, ili pasiwe na mlango niliouacha. Nilipiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulikupa, mwanangu. Wewe ukaliegemeza." Akanishika kichwa akasema yeye alinisamehe siku ile ile kabla hajafika kundi la tatu, lakini yeye ni mtu mmoja, na watu walikuwa thelathini na moja. Msamaha wa wengine, akasema, nikaulime.

Ndivyo ninavyofanya. Nikisikia msaragambo nakwenda bila kuitwa, najipanga mwisho wa mstari. Hawanifukuzi. Wananipisha nafasi kubwa kuliko inayonitosha. Juzi mke wa jirani alinipa togwa kwa kibuyu kile kile walichonywea wenzangu, nikamsimulia Raheli jioni mpaka akacheka, akasema mume wake amezeeka anasimulia togwa.

Hayo yote ungeyasikia kwa watu. Limebaki moja ambalo hakuna anayelijua, hata Raheli, nami nilitaka kulimeza nife nalo. Lakini mama alikuwa wako pia.

Siku ya tatu pale hospitali homa ilishuka kidogo, akataka uji. Nilimnywesha vijiko vinne. Akaniangalia sana, akasema, "Njia nzima nilikuwa natafuta bega lako. Sikuliona." Mtu aliyelala kwenye machela haoni kitu ila mabega na mbingu, Mika. Aliyaona yote, akalikosa la mwanawe.

Nilimwambia nilikuwa nyuma, upande wa miguuni, ndiyo maana hakuniona.

Kisha akanishika hapa begani, akapapasa kwa vidole kama anayetafuta palipochubuka, akasema, "Pole, mwanangu. Nimekuchosha."

Nami niliipokea pole hiyo. Nilimjibu ahsante, mama.

Sijui kama aliniamini. Hakusema tena lolote la safari ile, na siku mbili baadaye hakuwepo.

Nisalimie Jenoveva na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Nisalimie na watu wa laini, uwaambie nipo. Raheli anakusalimu, na Mariamu anauliza kama baba mdogo wake, yaani wewe, anajua Kishambaa au atamfundisha yeye. Shabani amesema ukija mtakwenda pamoja kuona ndama. Ukifika Desemba usije kwangu kwanza. Pita kwa baba mdogo Omari, umwamkie, ukae mpaka akuruhusu, halafu akulete yeye mwenyewe kaburini kwa mama. Mimi nitakuwa pale, na utakachonihukumu nitakipokea.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akurudishe kwetu ungali mtu wa kwetu.

Ni mimi kaka yako akupendaye siku zote,

Nikodemo