Jina la Mtu Mwenye Kiberiti

Kilolo, 3 Juni 2024

Mdogo wangu Jofrey,

Kamwene! Habari za Mbeya na baridi yake? Huku tu wazima, ila kifua cha shemeji yako Edmund hakijapona. Nilimwona gerezani Jumapili. Kakonda mpaka shati ndilo linalomvaa yeye. Anakusalimu sana.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nampa dereva wa basi karatasi. Sista Ligaya, yule Mfilipino wa parokiani Iringa mjini, anaandaa tamasha la filamu za kwao tarehe tatu Agosti. Kiingilio chote kitanunua miche ya asili, tupande upya mlima wetu, ule ulioungua pamoja na mama. Watapika tambi za kwao, na vijana watacheza ngoma ya kurukaruka katikati ya mianzi. Wazee wanacheka, eti mianzi ya kuchezea badala ya kugema ulanzi!

Sasa filamu za Kifilipino nani atazielewa? Nikamwambia Sista nina mdogo wangu Mbeya, anatafsiri muvi kwenye banda la video, watu wanavunjika mbavu. Njoo basi. Tangu tumzike mama hujakanyaga nyumbani.

Dada yako,
Yusta

Mbeya, 24 Juni 2024

Dada Yusta,

Kamwene sana. Mimi mzima, nadunda. Pole na ya shemeji.

Kwa hiyo nimekuwa mtumishi wa kanisa? Haya bwana. Sista kanitumia flashi, nimezitazama filamu zote. Lugha yao sijui hata neno, lakini kwani Kichina nakijua? Chini kuna maandishi ya Kiingereza. Nusu nasoma, nusu natunga. Wahusika nawabatiza majina ya kwetu kama kawaida: mwizi Nkuba, polisi Dastan, mama mkwe Tumpe. Watu ndicho wanacholipia.

Ila ile ya mwisho siifanyi. Jamaa anachoma shamba siku ya upepo, mlima unashika moto, mvua ikija mlima unakifukia kijiji. Yeye anakimbia, ananyamaza. Filamu gani hiyo ya kuwaletea watu waliofiwa? Mwambie Sista aiondoe.

Mdogo wako,
Jofrey

Kilolo, 10 Julai 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sista haiondoi. Anasema kijiji chake kilifukiwa hivyo hivyo, na tamasha lote ni kwa ajili ya hiyo.

Wewe unaogopa nini? Moto ulimchukua mama yangu, na kwa moto huo huo mume wangu amefungwa, na bado nitakaa niitazame. Mama alikuwa anasema ukianza kuongea wewe, hata mfiwa anacheka. Njoo uongee.

Dada yako,
Yusta

Mbeya, 7 Agosti 2024

Dada,

Nakusalimu, sijui kama utaipokea salamu yangu.

Uliona ilivyoanza vizuri. Ukumbi umejaa, watu wanacheka mpaka Sista anafuta machozi. Ikaja ile ya mwisho. Yule jamaa akainama, akawasha kiberiti, na mimi natafuta jina la kumpa. Miaka yote nabatiza watu, dada, jina halijawahi kunikwama. Nikasikia spika inasema kwa sauti yangu, "Jofrey huyo, anachoma mabua." Watu wakacheka. Wewe ulisimama na sinia la tambi mkononi, ukaniangalia. Nikaweka maiki chini, nikatokea mlango wa nyuma.

Ni mimi. Nilichoma mabua haraka haraka ili niwahi basi. Mama alinikataza, akasema upepo umegeuka. Sikujua amepanda kuokota kuni. Moto uliporuka njia nikakimbia. Edmund yeye alikimbilia kuuzima, wakamkuta kule juu na kiberiti cha sigara zake mfukoni. Nilimwona anapakiwa kwenye gari la polisi. Nikanyamaza.

Jumatatu nakuja, twende polisi wote wawili. Nisubiri stendi ya Iringa. Mwambie shemeji avumilie siku hizi chache tu.

Mdogo wako,
Jofrey

Kilolo, 4 Septemba 2024

Jofrey,

Mimi mzima. Habari yako siulizi.

Jumatatu ile nilikaa stendi toka saa mbili asubuhi. Kila basi la Mbeya likiingia nasimama mlangoni. Jumatatu iliyofuata nikaenda tena, na ya tatu, na juzi. Wenzako wa bandani wanasema uliaga unaenda Tunduma, hukusema utarudi lini.

Edmund nilimsomea barua yako. Akaomba niirudie pale uliposema alikimbilia kuuzima. Akasema, "Kumbe kuna mtu aliniona." Akageukia ukutani. Siku hizi hawezi kukaa bila kuegemezwa.

Miche ya Sista iko kitaluni, inasubiri mvua.

Nilitaka uyaseme kwa mdomo wako, na mama angetaka hivyo. Lakini uliandika kwa mkono wako ukaweka na jina. Leo asubuhi nimeikabidhi barua yako polisi. Njia nzima nililia, Jofrey, sikufichi. Afande aliuliza wewe ni nani kwangu, nikamjibu tumenyonya ziwa moja. Akauliza tena, sasa barua hii naileta kama nani.

Mimi,
Mke wa Edmund