Zimwi la Idara ya Matengenezo

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya Hospitali Kuu.
Jumapili, 9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mkazamjomba, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima. Watoto wanakua mpaka viatu vinalalamika. Mimi nimekonda kidogo, ila usimwambie mama, atapanda basi kesho.

Najua macho yako yanaruka mistari kutafuta habari za mwanao na ile kazi. Nitazifikia, Mjomba. Nivumilie kwanza.

Ukuu wa idara si kama tulivyoudhania siku ile mliponipigia vigelegele. Nilipokuwa fundi, kitu kikiharibika nilikifungua, nikaona ugonjwa wake, nikakifunga. Sasa ninaowatengeneza ni watu, na watu hawana skrubu. Asubuhi vikao, mchana malalamiko, jioni mkurugenzi anataka kujua kwa nini lifti imekwama tena. Wenzangu niliokuwa nakula nao wakiniona wanabadili mazungumzo. Hilo linaniuma kuliko yote.

Halafu kuna undugu. Mkuu aliyenitangulia aliijaza idara jamaa zake, na jamaa wakaleta jamaa. Mtunza stoo ni shemeji wa fundi bomba, fundi bomba ni baba mkwe wa mtu wa jenereta. Wauguzi wanatuita Ukumbi wa Harusi. Mtu akikosea hakemewi. Wanakaa stoo, chai inamiminwa, yanaisha.

Mwezi uliopita umeme ulikatika daktari akiwa katikati ya upasuaji. Jenereta haikuwaka kwa sababu haikuwa na mafuta, na nusu ya idara ilikuwa inajua. Daktari alimaliza kushona kwa tochi ya simu aliyoshikiwa na muuguzi. Mgonjwa alipona, Mungu mkubwa. Niliposhuka stoo kudai majibu, nilikuta vikombe vimeshapangwa.

"Keti, bosi," mtunza stoo akaniambia. "Hili tumeshalimaliza kifamilia."

Sikuketi. Mtu wa jenereta nilimsimamisha kazi, na mbele ya idara nzima nikatamka kwamba hakuna ndugu wa mtu atakayeajiriwa tena hapa, kuanzia na wangu. Walinitazama kama wanaosema, tutaona.

Hata maneno hayajapoa, mwanao akabisha hodi na barua yako mkononi. Uliandika kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilicheka, maana zimwi lenyewe ndimi. Kisha usingizi ukanipaa.

Kumbe kabla ya kuja kwangu alishapita karakana, na fundi mkuu akampa pampu iliyowashinda. Akaiwasha. Fundi mkuu akanifuata ofisini meno yote nje.

"Bosi, kijana wako moto! Tumchukue tu, nani atasema?"

Hilo "nani atasema" ndilo lililotuzimia taa, Mjomba. Nikakataa.

Sitakudanganya kwamba hakufaa. Anafaa kuliko wengi nilio nao. Nimemnyima kazi kijana anayeijua, tena damu yangu, na aliyenifundisha kushika bisibisi ni baba yake. Imeniuma na bado inaniuma. Ukikasirika una haki. Ila kumbuka siku uliponichapa kofi mkononi nilipotaka kuunga waya bila kuzima swichi kubwa. Ulisema umeme haumjui mpwa wa mtu.

Nimemwonyesha kiwanda cha jirani kinachotafuta mafundi. Akajaribiwe kama wengine. Sikumpigia mtu simu, na nakuomba nawe usipige.

Barua hii anakuletea yeye mwenyewe. Nilidhani angeninunia. Jana nimerudi kutoka kazini, nikakuta feni ya sebuleni, iliyokufa tangu joto lilipoanza, inazunguka. Mimi, mkuu mzima wa matengenezo, sijawahi kupata nafasi ya kuigusa. Yeye alikuwa anafuta mikono tu kwa kitambaa, kidole kwa kidole, kama unavyofuta wewe. Ikabidi nijifanye naenda jikoni.

Nisalimie mkazamjomba, bibi, na yule binti yenu mdogo mwenye maneno mengi. Mungu awape afya na awatunze nyote. Mpokee mwanao vizuri, na habari za kazi usimuulize mbele za watu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata ukininunia,

Zimwi likujualo