Taa Nne Alizofunga Bakari

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi nimefunga taa mbili za ziada kwenye pikapu ya muuza nazi wa Kaloleni. Fyuzi karibu na betri. Waya mnene mpaka kwenye rilei, swichi ya umeme inayobeba mzigo, na kutoka hapo mpaka kwenye taa. Swichi ya ndani haibebi mzigo. Yaiamsha rilei tu, waya mwembamba watosha. Nimemweleza mwenye gari. Hakusikiliza. Hawasikilizi.

Saa tano likaingia lori hapa kibandani kwangu, Shimanzi. Nililijua kwa rangi kabla halijasimama. La yadi ile ile iliyonifukuza miaka mitatu iliyopita. Dereva simjui, Mtaita, jina lake Mwadime. Juu ya kibini, chumba cha dereva, ana taa nne, zapepesa. Nikamuuliza nani kazifunga.

"Bakari, fundi wetu."

Nimefungua chini ya dashibodi. Waya mmoja, mwembamba kama kamba ya kiatu, kutoka betri hadi swichi hadi taa zote nne. Hakuna rilei. Hakuna fyuzi. Mpira wa waya umeanza kugeuka rangi ya kahawa kwa joto.

Ndivyo alivyolifunga lile lori lililoungua Kibarani. Siku ile nilimwonya. Lilipowaka moto alisema ni mikono yangu, tajiri mwenye yadi akamwamini. Dereva alikuwa mjomba Salim, ndugu yake mama. Alitoka mkono wa kulia umebabuka mpaka kiwikoni. Naye alimwamini Bakari. Hilo ndilo sijalimeza mpaka leo.

Mwadime kaniachia lori hadi kesho. Alhamisi anakwenda Taveta. Bakari atakuwa naye, kuna lori lao limekwama huko.

Jumanne, 5 Agosti

Kulifunga upya ni kazi ya saa mbili. Sikulifunga. Nimekaza kiungo kilicholegea, taa zikaacha kupepesa, zikang'aa. Nikarudisha kifuniko.

Mwadime kafurahi. "Mungu akubariki, dada."

Nikaitikia amina. Kwa mdomo huu huu.

Namtaka Bakari ndani ya kibini ile. Nataka anuse harufu. Nataka apapase mlango asiuone. Nimeandika na sifuti.

Jumatano, 6 Agosti

Sijala. Leo mara mbili nimekosea kipimo nikakata waya ukawa mfupi, mimi!

Najiambia Mwadime hanihusu. Uongo. Jana kanionyesha picha za binti zake bila kuulizwa.

Jioni, Kibokoni, nimekutana na mjomba akitoka kununua mkate wa mofa. Aubeba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukunjiki. Nikamwamkia: "Shikamoo, mjomba." Akageuza uso, akaingia uchochoroni. Nimerudi nyumbani na hasira. Aungue. Bakari aungue.

Nambari ya simu ya Mwadime ninayo. Sijapiga.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeswali alfajiri, sijui nimesoma nini. Nikapiga simu. Haishikwi. Mara tatu. Nikapanda bodaboda mpaka Makupa, malori yapangapo foleni kabla ya kuvuka. Njia nzima nilikuwa nikiomba nilikute lori lake. Na ndani ya dua ile ile, nikitaka nisilikute.

Nililikuta. Mwadime kwenye usukani, Bakari pembeni yake akila mahamri.

Nikamwambia Mwadime ashuke. Akashuka. Nikapanda nikakaa mahali pake, nikang'oa kifuniko cha chini, nikawasha taa zote nne, mkono wangu nikauacha juu ya swichi.

"Bakari, shika waya wako."

"Wataka nini wewe?"

"Ushike. Si wewe uliyeufunga?"

Hakushika. Akauficha mkono kwapani. Madereva wakaanza kukusanyika, wawili mlangoni kwake, naye hana pa kushukia. Tukakaa. Dakika ya nne moshi mwembamba ukatoka karibu na goti lake. Nikauona uso wake ukilegea. Niliupenda uso ule. Mungu anisamehe, niliupenda.

"Zima! Riziki, zima!"

"Lile la Kibarani nani alilifunga?"

"Zima kwanza!"

"Nani?"

"Mimi! Ni mimi, sio wewe. Ulinikataza. Haya, zima!"

Nikazima. Nikakata waya betrini. Watu kumi na zaidi wamesikia.

Mwadime hakuwa akimtazama Bakari. Alikuwa akinitazama mimi. "Dada, Jumanne uliuona waya huu?"

"Niliuona."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti

Habari imefika Shimanzi kabla yangu. Tajiri kamfukuza Bakari. Saa nne amepita mbele ya kibanda changu na sanduku lake la vifaa begani. Nimesimama wima anione. Ameniona.

Nimefurahi. Sitajisingizia huruma nisiyokuwa nayo. Tajiri kanitumia salamu nirudi yadini. Nimejibu aje mwenyewe, tena aje mchana, watu wakiwepo.

Lakini Mwadime hajaja. Lori nasikia limerudishwa yadini, taa hazina waya.

Jumamosi, 9 Agosti

Baada ya alasiri, hodi. Mjomba Salim. Miaka mitatu hajavuka kizingiti hiki. Mama alilia jikoni, tulimsikia.

"Nimekudhulumu, mwanangu," akasema. Akaninyooshea mkono ule wa kulia, nami nikaubusu. Ngozi yake ngumu kama ganda.

Ningenyamaza ningebaki mwema machoni pake. Nikamweleza ya Jumanne. Yote. Akaiweka kahawa chini.

"Mkono kama huu ulikuwa umempangia Mwadime?"

"Nilimpangia Bakari."

"Moto hauulizi majina, Riziki. Nenda kwa Mwadime, ukamwombe radhi."

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda yadini asubuhi, bila kungoja kuitwa. Mwadime alikuwa akipuliza vumbi kwenye chujio la hewa la lori. Nikasema: nilijua, nikakuacha uondoke, nisamehe. Maneno machache, nilikuwa nimepanga mengi.

Kafuta mikono. "Funga upya. Nami nitasimama hapa hapa."

Kasimama. Kila waya akauliza waenda wapi, nami nikajibu. Mnene huu, betri hadi fyuzi. Huu, fyuzi hadi rilei. Mwembamba huu, swichi. Tukaziwasha taa tukangoja nusu saa. Kila baada ya muda alipitisha vidole kwenye waya wote, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa baridi.

Kisha akapanda lorini akatoka getini, pasi na kwaheri. Sikumlaumu. Nimekusanya vipande vya waya sakafuni, nimefagia, nimerudi kibandani.