Tone la Liwa Kwenye Antena

Jumatatu, 29 Septemba
Elango! Nimeliandika. Kinywani jina la mume halitoki, lakini hapa hakuna mama mkwe.
Leo kanionyesha antena yake. Ndogo kama stempu! Kibao chenye pete za shaba, kila pete ina mwanya. "Kama pete zako za vidole vya miguu," akasema. Nikaficha miguu. Shaba ni ile ile ya waya, anasema, maajabu yako kwenye umbo. Ndiyo maana kitu kidogo hivi kinashika masafa matatu, kazi ya antena tatu. Lakini kwa nini mwanya? Nimemuuliza mara nne. Anapenda nikiuliza!

Jumanne, 30 Septemba
Kwenye grafu kila masafa ni bonde. Mawili yamekaa sawa. La tatu limekaa kulia mno, mbali na alama linapotakiwa. Ijumaa profesa wake anapima. Likikataa, miezi sita zaidi ya masomo — yeye arudi bwenini chuoni, mimi Karaikudi kwa mama mkwe. Mama mkwe kapiga simu: hicho kibao ni mke mwenzio? Sikucheka.

Jumatano, 1 Oktoba
Sikukuu ya vifaa. Nimepanga mbele ya Saraswati, mungu wetu wa elimu, vitabu, kisu cha jikoni, mashine ya kulehemu — na antena. Kila kimoja tone la liwa na unga mwekundu. Haviguswi hadi kesho.

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimeharibu! Ameunganisha antena na kipimo chake, akaisogeza karibu na taa.
"Poonkodi, umeipaka?"
"Nimepaka kila kitu. Hata pikipiki."
"Wapi hasa?"
"Penye mwanya. Palipendeza."
Nikalia. Hakunigombeza! Macho kwenye grafu tu. Bonde la tatu limehama kushoto, limepita hata alama. Kumbe kinachojaa kwenye mwanya hushusha masafa! Yeye alikuwa anawaza kuchapisha kibao kipya, wiki tatu. Kuongeza kitu juu yake hakuwaza. Ila liwa ilivyozidi kukauka, bonde likarudi kulia.
"Tunataka kitu kisichokauka kikabadilika," akasema. Kisha akatazama kucha zangu.

Ijumaa, 3 Oktoba, saa mbili asubuhi
Rangi ya kucha ya harusi! Matone mawili tayari. Mkono wake umezoea waya, wangu umezoea kuchora maua ya unga mlangoni. Profesa saa tatu. Naandika tukisubiri tone la pili likauke. Bonde limesogea — bado unywele mmoja. "Tone jingine, dogo zaidi," anasema, "ukizidisha basi tena." Ananipa brashi —