Mpaka Mweusi Kwenye Picha ya Bibi

Mshauri Ok-sil wa gazeti letu, nisaidie, maana hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu anayefanya kazi Seoul: kadi za mwaliko wa sherehe ya Bibi ya kutimiza miaka sitini nilizitengeneza mimi.

Mjomba alimwagiza mkewe, Kum-ran, naye hajui kompyuta, akaniomba kimyakimya. Nikapachika picha ya Bibi katikati, maneno yakatawanyika, jina la ukumbi likarukia ukurasa wa pili, nikaivuta picha huku na huku mpaka machozi yakanitoka, ilipotulia nikatafuta mpaka wa kuremba kingo, wa maua ukaonekana wa kitoto, tena printa ya shuleni haina rangi, ukatoka kama madoa ya supu, basi nikaweka mstari mweusi mnene kuizunguka picha, na picha yenyewe nikaigeuza nyeusi na nyeupe vifanane, nikaona kumependeza kweli. Kum-ran akazisambaza zikiwa ndani ya bahasha.

Kesho yake Bibi Pun-ok wa ghorofa ya chini akapanda analia tangu ngazini: "Aigo, shoga yangu, umeniacha!"

Bibi akafungua mlango, mikono myekundu kwa pilipili ya kabichi ya kimchi. "Nani kakuacha? Vua viatu, unaniingizia theluji!"

Majirani walicheka. Bibi aliitazama kadi, akasema taratibu, "Kumbe nitakuwa hivi." Akafuta sherehe.

Mjomba akamgeukia Kum-ran: "Mke gani wewe, unamzika mkwe wako mzima mzima?"

Kum-ran akanitupia jicho, kisha akainama. "Nisameheni, ni ujinga wangu." Nami nikaendelea kumenya vitunguu saumu. Tangu siku hiyo anakula jikoni peke yake na Mjomba hamsemeshi.

Nikitaka kusema, sauti haitoki. Barua hii nimekuwa nikiificha chini ya mto kila mlango ukilia. Sasa nasikia kandambili za Bibi zinakuja. Siifichi.

Mwenye haya, Yanji, China

*

Mwanangu mwenye haya,

Pole. Wewe si wa kwanza kushindana na picha inayofukuza maneno. Lakini unasoma Kikorea na Kichina, na kwa lugha zote mbili picha yenye mpaka mweusi ni ya marehemu! Ulizitazama kingo tu, ukasahau ni uso wa nani.

Hata hivyo, kosa la kadi watu watalicheka mpaka mwakani. Lisilochekesha ni Kum-ran kula jikoni kwa ajili yako. Leo, kabla hamjagusa vijiti vya kulia, kaa karibu naye, mwambie mjomba wako: "Ni mimi." Maneno mawili tu. Sauti ikigoma, mpe ukurasa huu wa gazeti asome mwenyewe. Halafu mwombe radhi Kum-ran, kwa heshima zote, mbele ya watu.

Kadi mpya usizichapie shuleni. Nenda duka lenye printa ya rangi, toa moja kwanza, mwonyeshe mtu mzima.

Utaniuliza, kadi za nini na sherehe imefutwa? Barua yako ilinifikia ina alama ya kidole chenye pilipili, na chini yake mwandiko mkubwa usio wako:

"Mshauri, mwambie aweke ile picha ninayocheka. Na mpaka uwe wa maua, hata kama ni wa kitoto."